Mashine, Pointi Zake na Friji la Mama Mkwe

Shemeji yangu ndiye binadamu pekee ninayemjua ambaye timu yake inaweza kufungwa kwa tofauti ya pointi hamsini, naye akarudi nyumbani anapiga mluzi!

Usidhani natia chumvi. Nilikuwepo. Siku hiyo tulifungwa tisini na moja kwa arobaini na moja. Wachezaji wetu walitoka uwanjani wameinamisha vichwa, mmoja amejifunika taulo ili mkewe asimtambue. Shemeji yeye alikuja moja kwa moja mezani kwangu, maana mimi ndiye mwandishi wa alama, akainama sikioni.

"Shemeji, nina ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Hesabu tena. Kile cha kutoka pembeni ulikiandika?"

"Nilikiandika."

"Thelathini na nne!" Akageuka kuwatazama wenzake kwa huruma, kama daktari anayepita wodini. "Kwa hiyo hizo saba zilizobaki wamegawana watu wangapi?"

Huyo ndiye mume wa dada yangu. Sote wawili tunafanya kazi kiwanda cha magodoro. Mimi niko ghalani, nahesabu magodoro yanayotoka. Yeye yuko kwenye cherehani kubwa, anashona kingo. Ni mrefu, ana mikono ya kufikia rafu ya juu kabisa bila ngazi, na kufunga anajua, tusimdhulumu. Jina la Mashine alijipa mwenyewe. Kirefu chake ni Mashine ya Pointi, lakini wenzake waliishia kwenye Mashine kwa sababu, walisema, hata mashine ina swichi ya kuizima na huyu hana.

Mpira ukishafika mikononi mwa Mashine, umefika. Hautoki tena ila kwa kwenda kikapuni, au kwenye ubao, au kwenye kichwa cha mtazamaji. Neno pasi yeye alilijua kwa maana ya chombo cha kunyooshea nguo tu, na hata hicho hakuwa tayari kumwazima mtu.

Nahodha wetu ni mpakiaji wa magodoro, mtu mpana, mfupi kidogo, tunayemwita Kabati. Msimu mzima Kabati alikimbia chini ya kikapu amenyoosha mikono, anaita, "Mimi hapa! Mimi hapa!" Mchezo wa sita, wa mwisho wa ligi, alikuwa hata haiti tena. Alikuwa amesimama tu, anamtazama Mashine kama mtu aliyekata tiketi.

Michezo sita tulicheza, sita tulifungwa. Na Mashine alikuwa na pointi mia moja themanini na tatu, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika ligi. Wa pili alikuwa nahodha wa kiwanda cha sabuni, na yeye alikuwa mbali huko nyuma, na mia moja hamsini na nane.

Mambo yangeishia hapo, kwenye majigambo ya mapumziko ya chai, kama lisingetokea friji.

Ligi yetu ni ya viwanda vinne: Magodoro, Sabuni, Matofali na Chupa. Kila mwaka mchezaji bora hupewa zawadi. Mwaka mmoja ilikuwa jezi. Mwaka mwingine ilikuwa saa ya ukutani ambayo mishale yake ilikuwa imechorwa. Mwaka huu duka moja la vyombo vya umeme likajitolea friji. Friji jipya! Milango miwili! Juu unagandisha, chini unapoza, na taa ndani!

Jumapili hiyo tulikuwa tunakula kwa mama mkwe wa Mashine, yaani mama yangu mzazi. Mama anakaa ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, na anauza juisi baridi. Watu hupanda ngazi zote hizo kwa ajili ya juisi yake, wanainywa wamesimama mlangoni, wanashuka wanacheka. Friji lake lilikuwa zee, linanguruma usiku kucha, lakini lilikuwa linapoza. Mashine akalitazama, akasukuma sahani yake mbele.

"Mama, hilo friji lako ligawe."

"Nimgawie nani?"

"Yeyote. La kwako linakuja."

"Umelinunua?"

"Nimelishinda."

"Lini?"

"Bado."

Dada yangu akamkanyaga mumewe chini ya meza. Niliona. Mashine akahamisha mguu na kuendelea: milango miwili, taa ndani, barafu ya vipande kama vya hotelini. Mama yangu si mtu wa kudanganyika, lakini ana mapenzi na mkwe wake, na nadhani ile taa ya ndani ndiyo iliyommaliza. Akampigia simu mama mdogo. Mama mdogo hakusubiri aambiwe mara mbili. Jioni ile ile alikuja na gari na vijana wawili, friji likashuka ngazi, na kilichobaki jikoni kilikuwa alama nne sakafuni na vumbi la miaka kumi.

Kuanzia Jumatatu mama akawa anauza juisi ya vuguvugu. Wateja wakawa wanapanda ngazi wanahema, wanaonja, wanashuka kimya. Iliniuma. Siku ya tatu nikamfuata Mashine kwenye cherehani yake.

"Shemeji, kanuni za ligi umezisoma?"

"Kanuni zinasomwa na watu wasiojua kufunga."

"Zawadi inakwenda kwa mfungaji anayeongoza katika timu iliyochukua kombe. Timu iliyochukua kombe, shemeji. Sisi ni wa mwisho."

Cherehani ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona Mashine akifikiria jambo ambalo si yeye. Aliona jiko tupu, akamwona mama amesimama na jagi la vuguvugu. Halafu, kama kawaida yake, akajiona tena yeye.

"Hiyo kanuni ni ya kipuuzi," alisema. "Nitaibadilisha."

Na aliibadilisha! Aliomba kikao cha kamati, akakipata. Tulikutana ghalani kwetu, kila mjumbe amekaa juu ya godoro, jambo ambalo liliondoa heshima ya kikao tangu mwanzo, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa anazama kila anapotaka kusema. Mwenyekiti wetu ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kumbukumbu. Mashine akasimama, amevaa suti aliyoolea.

"Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe! Fundi ameshona suruali safi, mikunjo imesimama yenyewe. Mnunuzi akaivaa na shati lililochanika. Mtamlaumu fundi wa suruali?"

"Tunazungumzia mpira wa kikapu," alisema mwenyekiti.

"Nakuja huko huko! Mwanafunzi amepata mia kwa mia. Darasa zima limefeli. Utamfelisha na yeye?"

Hapo alimshika mwenyekiti pabaya. Mzee alitikisa kichwa polepole. Nadhani alimkumbuka mwanafunzi fulani.

"Nyota haihukumiwi kwa giza linaloizunguka!" Mashine sasa alikuwa amepamba moto. "Timu inaweza kushindwa. Mimi sijawahi kushindwa! Mimi nimekuwa nikizungukwa na watu wanaoshindwa!"

Kabati, aliyekuwa amekaa godoro la pili kama mjumbe wetu, akainua mkono. "Ahsante sana, kaka."

"Usichukulie vibaya, nahodha. Kila mtu ana kipaji chake. Shemeji, unaandika? Andika yote, neno kwa neno. Watoto wetu watakuja kuyasoma haya."

Nikaandika neno kwa neno.

Mwenyekiti akajikongoja kutoka kwenye shimo la godoro. "Kijana, umefikiri vizuri? Kwa kanuni ya sasa, timu yenu ikichukua kombe, friji ni lako. Hatuhesabu chochote."

Ghala zima lilicheka! Mjumbe wa Chupa alijifuta machozi. Kabati mwenyewe, nahodha wetu, alicheka. Na aliyecheka kuliko wote ni Mashine, ambaye ilibidi ashikilie rundo la mito ili asianguke.

"Mwenyekiti, tafadhali," alisema alipopata pumzi, "tuzungumze mambo ya dunia hii."

Alibaki kuulizwa nahodha wa Sabuni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Huyu ni mtu wa kwenye matangi ya kuchemshia sabuni, mkimya mno, tunamwita Mpole. Akimkanyaga mtu uwanjani humsindikiza hadi benchi. Hata akipiga chafya huomba radhi.

"Mimi sina neno," alisema Mpole. "Mwenzetu ameeleza vizuri."

Ikapita. Friji atapewa mwenye pointi nyingi zaidi msimu mzima, timu yake iwe ya kwanza au ya mwisho. Mashine alitoka ghalani anatembea kama mtu anayepigiwa bendi.

Sasa, timu zikiwa nne, nusu fainali huingia zote, hata ya mwisho. Sisi wa mwisho tukapangiwa Matofali, waliokuwa wa kwanza. Tulifika uwanjani tumejiandaa kisaikolojia kwa aibu. Lakini Matofali walikuwa wamekuja wanne tu, na mchezo hauanzi bila watano! Wengine walikuwa zamu ya tanuri, na tanuri la matofali likishawashwa huwezi kuliambia subiri nikacheze. Mwamuzi akangoja dakika kumi na tano, akatazama saa, akatupa ushindi wa mezani, ishirini kwa sifuri. Magodoro fainali! Watu wasiosalimiana walikumbatiana. Kabati alilia.

Mashine pia alilia.

"Hizo ishirini ameandikiwa nani?" aliniuliza.

"Hakuna. Ushindi wa mezani hauna mfungaji."

"Hata kumi tu?"

"Hata moja, shemeji."

"Wizi mtupu! Tungefungwa kihalali ningekuwa na thelathini!"

Na siku hiyo hiyo Mpole alifunga ishirini katika nusu fainali ya pili, Sabuni wakaingia fainali. Mia moja themanini na tatu kwa mia moja sabini na nane. Pengo likawa pointi tano. Usiku dada yangu alinipigia simu kunieleza kwamba mumewe analala anataja namba.

Siku ya fainali mama alikuja uwanjani. Alikuwa hajawahi kuja maishani mwake. Alikaa mstari wa mbele, na karibu na meza yetu, juu ya jukwaa la mbao, lilisimama friji lenyewe, limefungwa utepe. Mama hakuangalia mpira. Aliangalia friji. Mara moja alinyanyuka, akafungua mlango wa chini, taa ikawaka, akaufunga taratibu, akarudi kukaa.

Sabuni walikuwa na mpango, nao ulikuwa wa akili: wachezaji watatu wote wamgande Mashine. Mtu wa kawaida akigandwa na watatu humpa mpira mwenzake asiye na mtu. Mashine aliona ni heshima. Akawa anarusha tu, amezungukwa, haoni kikapu, haoni hata mbingu. Basi akawa anakosa. Alikosa kulia, alikosa kushoto, alikosa kwa namna ambazo sina safu zake kitabuni. Na kwa kuwa Sabuni watatu walikuwa wamemng'ang'ania yeye, kila alichokosa kilimwangukia Kabati, yuko peke yake chini ya kikapu, anakiweka ndani bila hata kuruka.

Hivyo ndivyo Magodoro tulivyoanza kushinda! Mashine anakosa, Kabati anaokota. Ilikuwa mbinu bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na hakuna aliyeipanga.

Zilipobaki sekunde saba tulikuwa sitini na moja kwa hamsini na nane. Lakini huku mezani kulikuwa na mchezo mwingine, na huo ndio ulionitoa jasho. Mashine siku hiyo alikuwa amefunga ishirini na moja, jumla mia mbili na nne. Mpole amefunga ishirini na tano, jumla mia mbili na tatu. Pointi moja! Jiko zima la mama yangu lilikuwa limening'inia kwenye pointi moja.

Mpole akapata mpira mbali, akarusha wa pointi tatu. Ukiingia, matokeo sare na friji limeondoka. Mpira ukagonga ukingo wa chuma, ukaruka juu, ukakataa!

Ulikuwa unashuka mikononi mwa Kabati. Alikuwa peke yake. Alikuwa ameshaushika, jamani, ameshaushika!

"Nimeupata!" aliita Kabati.

"Wangu!" alijibu Mashine, akitokea nyuma.

Mpaka leo hajaweza kueleza aliutakia nini. Aliruka, akaupiga kutoka mikononi mwa nahodha wake, akapiga kelele "Mama nakufa!" alipoona unakoelekea. Mpira ukapanda, ukabusu ubao, ukazama kwenye kikapu chetu wenyewe bila kugusa chuma. Siku nzima hakuwa amefunga kikapu kizuri kama kile.

Sitini na moja kwa sitini. Saa ikasimamishwa, zimebaki tatu. Kabati akamkamata jezi.

"Umefanya nini wewe?"

"Bahati mbaya!"

"Umeninyang'anya ukafunga kwetu!"

"Naapa bahati mbaya, kaka! Mkono umeteleza! Wote mmeona umeteleza!"

Kabati akamwachia, akauchukua mpira, akaurusha kwa mwenzake wa mbali kabisa na Mashine, na honi ikalia. Tumeshinda kwa pointi moja! Timu iliyofungwa michezo sita, iliyoshinda mmoja mezani, imechukua kombe! Wapakiaji walibebana, washonaji walibebana, mtu mmoja wa ofisini alimbeba mtu asiyemjua.

Mashine alikimbilia mezani. "Nina ngapi?"

"Mia mbili na nne."

"Na yeye mia mbili na tatu. Najua." Akageukia viti vya mbele, akapanua mikono yote miwili. "Mama! Friji!"

Mama akapiga vigelegele. Dada yangu akafunika uso, sijui kwa furaha au kwa tahadhari.

Nilikuwa nimeshika kalamu, na nilikuwa sijaandika pointi mbili za mwisho. Pembeni yangu alikaa mwandishi wa Sabuni, mama mmoja wa ofisi ya mishahara, miwani puani, kidole juu ya kitabu changu.

"Hizo mbili umemwandikia nani?" aliuliza.

Natamani niseme niliandika papo hapo kwa moyo mweupe. Hapana. Nilimtazama mama yangu, akipiga vigelegele, nikafikiria juisi ya vuguvugu, na nikasema, "Tuseme hazina mwenyewe."

"Zina mwenyewe," alisema mwamuzi, ambaye alikuwa amefika kutia sahihi. "Mchezaji akifunga kikapu chake mwenyewe kwa bahati mbaya, pointi mbili zinaandikwa kwa jina la nahodha wa wapinzani aliyeko uwanjani. Nahodha wa Sabuni ni nani?"

Sote tulimgeukia Mpole, aliyekuwa amesimama pale pale, anaona haya.

Mia mbili na tano.

Nimewahi kuona godoro likitobolewa na kupumua hewa yote. Sikujua mtu naye anaweza. Mashine alinywea mbele ya macho yangu, mabega yakashuka, shingo ikaingia ndani.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza kwa sauti kama inayotoka ndani ya kikombe.

"Ipo moja," alisema mwamuzi, mtu wa haki. "Kama mchezaji amekusudia, hilo ni kosa, na kikapu hakihesabiwi."

"Nilikusudia!"

Kabati, aliyekuwa amevaa kombe kichwani kama kofia, akageuka taratibu.

"Ulisema nini?"

"Nilikusudia, kaka! Nilidhamiria tangu asubuhi! Niliamka na wazo hilo!"

"Umeniapia hapa hapa mkono umeteleza!"

"Nilikuwa naficha siri!"

"Kwa hiyo ulitaka kutuuza?"

Mashine akawaangalia wenzake kumi na mmoja, wapakiaji wote watu wa mazoezi, akaliangalia friji, akapima. "Kidogo tu," alisema.

Mwamuzi akavua filimbi shingoni. "Ndugu yangu, nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Mtu anayekusudia hapigi kelele mama nakufa."

Nikaandika. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliandika. Mpole akamsogelea Mashine, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Samahani sana, ndugu," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Na ahsante kwa pasi."

"Msimu mzima!" alipiga kelele Kabati. "Msimu mzima nimenyoosha mikono, ya kwanza kampa Sabuni!"

Ungedhani mtu hapo angekwenda kuoga. Mashine aliomba nafasi ya kuzungumza. Akapanda kwenye jukwaa la zawadi, mkono mmoja juu ya friji.

"Mwenyekiti! Wapenzi wa michezo! Naomba tujiulize. Mchezaji mmoja ni nini? Godoro ni nini? Ni sponji peke yake? Ni kitambaa peke yake? Ni uzi? Mchezaji bora anapimwa kwa kombe! Unaweza kufunga pointi elfu, kama timu yako imefungwa umefanya nini? Umecheza peke yako! Na mimi nasema, mtu anayecheza peke yake hafai!"

Watu walipiga makofi. Ilikuwa hotuba nzuri, lazima niseme, nzuri kuliko ya kwanza.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwandishi, kumbukumbu za kikao unazo?"

Nilikuwa nazo. Nikazisoma kwa sauti, fundi wa suruali, darasa lililofeli, nyota na giza, mpaka pale pa "mimi sijawahi kushindwa, mimi nimekuwa nikizungukwa na watu wanaoshindwa." Kabati alisimama karibu na spika asipitwe na neno.

"Maneno haya ni ya nani?" aliuliza mwenyekiti.

Mashine alikohoa. "Mwenyekiti, ni ya mtu ambaye alikuwa hajawahi kuchukua kombe. Tusimsikilize. Hajui anachosema."

Wapi! Friji likaenda kwa Mpole, mia mbili na tano kwa mia mbili na nne. Picha zikapigwa. Na mama yangu akashuka kutoka kwenye viti, mkoba kwapani. Nilisimama kwenda kumfariji. Mashine akasogea na yeye, amejiandaa kupiga magoti. Mama alitupita wote wawili.

"Mwanangu," alimwambia Mpole, "unakaa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda, mama. Chumba kimoja."

"Mlango wake mpana?"

Mpole akatenganisha viganja. Mama akaviangalia, akaliangalia friji.

"Halipiti."

"Ndiyo nilikuwa nawaza, mama. Na peke yangu, sina hata cha kuweka ndani."

"Juisi unapenda?"

"Sana."

Hawakuchukua dakika tano. Friji la Mpole, mahali pa mama. Kila akitoka zamu, Mpole apande, anywe anachotaka, glasi ya kwanza kabla ya mteja yeyote, bure, maadamu friji linapoza. Wakapeana mikono. Nilimwonea fahari mama yangu kiasi cha kuona aibu kwa ile kalamu niliyoichelewesha.

Friji lile ni zito jamani! Kwenye ngazi za kwa mama, Kabati alikamata juu, mimi ubavuni, na chini kabisa, mahali uzito wote unaposhukia, mama alimweka Mashine. Mpole alitaka kusaidia, mama akamzuia. "Wewe panda tu taratibu. Mwenye friji habebi."

Tulipofika ghorofa ya pili majirani walikuwa wamefungua milango yote.

"Heee! Friji la nani hilo?"

Nilijua Mashine hawezi kuliacha swali kama hilo lipite. Sauti yake ikatoka chini huko, shavu limebanwa kwenye friji.

"Ukipiga hesabu vizuri ni langu! Mpole zilimpungukia! Pointi mbili zilizolileta hili friji nimezifunga mimi, kwa mikono hii!"

Mama alikuwa ameshafika juu, funguo mkononi. Akachungulia kwenye ukingo wa ngazi.

"Ni kweli, mkwe wangu," alisema. "Sasa nyanyua kwa mikono hiyo hiyo, bado ghorofa moja."